Memphis, Kabuku na Mkeka Uliochanika

Mwaka 2009 wapenda michezo wa Tanzania walijikuta na timu ya tatu. Ya kwanza ni ya kurithi, Simba au Yanga. Ya pili ni ile ya Uingereza ambayo mtoto huichagua akiwa darasa la tano na hawezi tena kuiacha. Ya tatu ilikuwa Memphis Grizzlies, klabu ya mpira wa kikapu kutoka mji ulio kando ya mto Mississippi, jimbo la Tennessee, mji ambao mkazi wa Korogwe au Handeni hakuwa na sababu yoyote ya kuujua. Sababu ilipatikana usiku wa Juni 25 mwaka huo, jina la Hasheem Thabeet lilipoitwa la pili katika drafti ya NBA, yaani shughuli ya kila mwaka ambapo klabu za ligi hiyo hupokezana zamu kuchukua vijana wapya. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuitwa kabla yake.

Msimu wa NBA huanza mwishoni mwa Oktoba, na kati ya Juni na Oktoba wachambuzi huishi kwa kutabiri. Kuhusu Memphis palikuwa na utabiri wa aina mbili. Mmoja ulimhusu kijana mwenyewe: klabu haimchukui mtu wa pili kati ya vijana wa dunia nzima kama haiamini kwamba atakuja kuwa nguzo, kwa hiyo uteuzi wenyewe ulikuwa utabiri, tena wa gharama kubwa. Mwingine uliihusu timu: wengi waliiweka Memphis miongoni mwa timu za mkiani katika Kanda ya Magharibi. Ilipofika Aprili 2010 utabiri wote wawili ulikuwa umekosea. Kijana alishuka kuliko walivyodhani, timu ikapanda kuliko walivyodhani. Na ukifuatilia vizuri utaona kwamba kilichoipandisha timu ndicho hicho hicho kilichomshusha kijana.

Jambo hilo halisemwi sana, kwa sababu ni wachache wanaorudi nyuma kukagua walichotabiri. Pale stendi ya Korogwe, ambako abiria wa mabasi ya Moshi na Arusha hushuka kununua chakula, utabiri wa michezo hauhitaji studio. Muuza machungwa ana wake, kondakta ana wake, fundi viatu ana wake, na kila mmoja anasema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuiona Mei akiwa bado yuko Agosti. Ukimuuliza alisema nini msimu uliopita, atakwambia alijua. Magazeti ya michezo hayatofautiani naye sana. Ukurasa wa kutabiri huwa mkubwa kabla ya ligi kuanza; ukurasa wa kuukagua utabiri ule ligi ikiisha ni adimu kuuona.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987, na aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao kijana wa Marekani wa kiwango chake anakuwa ameshaucheza karibu maisha yake yote. Urefu wake ni sentimita 221. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, chini ya kocha Jim Calhoun, na katika msimu wake wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mchezo. Timu yake ikafika nne bora ya vyuo vya taifa zima. Waliomtazama wakapiga hesabu nyepesi: ikiwa amejifunza yote haya kwa miaka michache namna hii, baada ya mingine mitano atakuwaje? Utabiri mwingi hutengenezwa hivyo. Mtu huchukua mstari unaopanda, anaweka rula, anauendeleza mpaka nje ya karatasi.

Dalili ya upande wa pili ilikuwepo, na haikufichwa. Februari 2009 Connecticut walikutana na Pittsburgh, ambao senta wao, DeJuan Blair, alikuwa mfupi kuliko Thabeet kwa karibu shubiri nzima. Katika kugombea mpira Blair alimnasa mkono, akampitisha juu ya bega lake na kumbwaga chini. Siku hiyo Blair aliondoka uwanjani na pointi 22 na ribaundi 23. Picha ile ilirudiwa kwenye televisheni mara nyingi, lakini urefu una uchawi wake, na miezi minne baadaye Thabeet aliitwa wa pili huku Blair, ambaye magoti yake yalikwishapita kwa wapasuaji, akisubiri hadi nafasi ya 37, alipochukuliwa na San Antonio Spurs.

Na timu yenyewe je? Msimu wa 2008/09 Memphis walikuwa wameshinda michezo 24 na kupoteza 58. Kiangazi hicho wakafanya mambo mawili yaliyowafanya wachambuzi watikise vichwa. Walimchukua Zach Randolph, mfungaji hodari lakini mwenye sifa ya ukorofi, ambaye Portland, New York na Los Angeles Clippers walikwisha kumpata na kumtoa. Kisha Septemba wakamsajili Allen Iverson, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 2001, aliyekuwa sasa na miaka 34. Mkorofi mmoja, mkongwe mmoja, na wengine vijana wadogo: Mike Conley miaka 22, O.J. Mayo 21, Rudy Gay 23, Marc Gasol 24. Kwenye karatasi ilionekana kama timu iliyookotwa okotwa.

Mwanzo wa msimu uliwapa watabiri kila sababu ya kujipongeza. Memphis walishinda mchezo mmoja tu katika tisa ya kwanza. Iverson, aliyezoea kuwa mwenye timu, aliambiwa aanzie benchi, hakukubali, akacheza michezo mitatu na kuondoka Novemba hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa akifuatilia kutoka huku, ambako mchezo wa Memphis wa jioni huangukia saa kumi alfajiri, angeweza kulala vizuri bila kukosa kitu.

Halafu mambo yakageuka. Kuondoka kwa Iverson kulimwachia kocha Lionel Hollins kikosi cha kwanza kisicho na mgogoro wa nani ni nani: Conley, Mayo, Gay, Randolph na Gasol. Watano hao waliachwa wacheze pamoja karibu msimu mzima, dakika nyingi, mchezo baada ya mchezo, mpaka wakajuana. Randolph, yule mkorofi, akapata wastani wa pointi 20.8 na ribaundi 11.7, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Memphis wakamaliza na ushindi 40 na kupoteza 42. Hawakuingia kwenye mchujo wa ubingwa, lakini ushindi 16 zaidi ya mwaka uliotangulia ni hatua ambayo timu ya mkiani haipigi kwa kubahatisha.

Hapo ndipo kisa cha Marc Gasol kinapostahili nafasi yake, maana yeye ndiye aliyekosewa na kila mtu. Mwaka 2007 aliitwa wa 48 katika drafti, nafasi ambayo wengi wanaoitwa hapo hawachezi hata msimu mmoja. Waliomwita ni Los Angeles Lakers, kisha Februari 2008 haki zake zikapelekwa Memphis kama sehemu ya malipo ya kaka yake, Pau Gasol, nyota aliyekwenda Lakers. Mabadilishano hayo yalichekwa kote ligini. Hata Gregg Popovich, kocha wa Spurs, aliyalalamikia hadharani. Marc, aliyewahi kusoma sekondari Memphis wakati kaka yake anaichezea timu hiyo, hakutajwa ila kama nyongeza, mfano wa ile nyanya moja anayotupia muuzaji juu ya fungu. Msimu wa 2009/10 nyongeza hiyo ilikuwa na wastani wa pointi 14.6 na ribaundi 9.3.

Marc Gasol alikuwa senta. Thabeet alikuwa senta.

Mpira wa kikapu una watu watano uwanjani, na timu chache huwasimamisha masenta wawili kwa wakati mmoja. Kila dakika aliyocheza Gasol ilikuwa dakika ambayo Thabeet alikaa. Kijana aliyehitaji kucheza ili ajifunze, kwa sababu alichelewa kuanza, aliangukia katika timu ambayo ghafla ilikuwa inashinda na haikuwa na dakika za kufundishia. Kama Memphis wangekuwa wabaya kama ilivyotabiriwa, kocha angemwachia uwanja akosee mpaka aive. Walikuwa wazuri, na uzuri wao ukamweka benchi. Alicheza wastani wa dakika 13, akapata pointi 3.1 na ribaundi 3.6, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya maendeleo. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyeitwa juu kiasi hicho katika drafti aliyekuwa amewahi kupelekwa huko.

Lakini haki itendeke. Katika zile dakika 13 Thabeet alizuia wastani wa mitupo 1.3. Ukizidisha kwa dakika ambazo senta wa kikosi cha kwanza huzicheza, 36 hivi, unapata zaidi ya mitupo 3 na nusu kwa mchezo, kiwango cha wazuiaji wakubwa wa ligi. Hesabu ya namna hiyo ina hila zake, kwa kuwa anayecheza kidogo huingia na pumzi mpya na hukutana na wachezaji wa akiba. Hata hivyo inaonyesha kwamba waliotabiri kuwa Mtanzania atazuia mipira hawakukosea. Walichokosea ni kudhani kwamba kuzuia kunatosha. Mikono yake ilichelewa kudaka pasi, miguu ilichelewa kugeuka, madhambi yalijaa haraka. Watabiri waliona kipaji wakasahau kuuliza kitatumika wapi, mbele ya nani, na kwa dakika ngapi.

Wako wanaokagua utabiri kwa ukatili zaidi. Husema: Memphis walimwacha James Harden, aliyeitwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyeitwa wa saba! Ni kweli, na sasa inachekesha. Ila Curry alirukwa na klabu tano, moja kati yao, Minnesota, ikimruka mara mbili mfululizo kwa kuwachukua walinzi wengine wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Memphis walikuwa na Conley na Mayo katika nafasi hizo. Hata Blake Griffin, aliyeitwa wa kwanza na ambaye hakuna aliyemtilia shaka, aliumia goti na hakucheza hata dakika moja ya msimu wa 2009/10. Aliyetazama drafti ile Aprili 2010 angesema wawili wa kwanza wote ni hasara. Aliyeitazama miaka mitano baadaye angesema mmoja tu. Utabiri una tarehe yake, na ukaguzi nao una tarehe yake.

Mtu wa Handeni hahitaji kwenda Tennessee kuyaona haya. Barabara kuu itokayo Chalinze hupita Mkata, ambapo njia ya kwenda Handeni mjini huchepuka, kisha Kabuku, kisha Segera, ambapo magari ya Tanga na ya Korogwe huagana. Pale Kabuku ndipo ilipo kambi ya JKT Mgambo, 835 KJ, na kutoka kambini hapo ilitoka timu ya Mgambo Shooting, baadaye Mgambo JKT, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2012/13. Wilaya isiyojulikana kwa soka ikawa na timu ya Ligi Kuu, timu ya askari, bila matajiri wala usajili wa kelele.

Kila mwaka ilikuwa rahisi kuitabiria Mgambo kushuka, na kila mwaka kwa muda waliwaumbua waliosema hivyo. Mapema mwaka 2014, katika uwanja wa Mkwakwani, waliifunga Simba 1-0, na kabla ya msimu kwisha wakaifunga Yanga 2-1. Msimu huo huo Mbeya City, timu iliyokuwa imepanda tu, ilimaliza ya tatu mbele ya Simba, na Azam wakachukua ubingwa wao wa kwanza bila kupoteza hata mchezo mmoja. Sijui ni mkeka gani, yaani karatasi ya kubeti, uliosalimika mwaka ule.

Kisha ukaja msimu wa 2015/16. Mkoa wa Tanga uliingia ukiwa na timu tatu kati ya 16: Mgambo, Coastal Union, mabingwa wa nchi wa mwaka 1988 wanaoitwa Wagosi wa Kaya, na African Sports, Wana Kimanumanu, waliokuwa wametoka kupanda. Ilikuwa sababu ya kutembea kifua mbele. Kutabiri kwamba moja ya hizo ingeshuka hakukuhitaji utaalamu. Kutabiri kwamba zote tatu zingeshuka pamoja, hizo tu na si nyingine, kungekuwa ni kutafuta ugomvi. Kihesabu kuna namna 560 za kuchagua timu tatu kati ya 16. Msimu ulipokwisha Mei 2016, namna iliyotokea ilikuwa hiyo moja: Mgambo, African Sports na Coastal zilishika nafasi tatu za mwisho, na mkoa mzima ukabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Ukikagua kwa utulivu, ile moja kati ya 560 inapungua ukubwa. Timu tatu hazikuwa vitu vitatu vilivyojitegemea. Zote zilitumia uwanja mmoja, Mkwakwani, na kwa Mgambo uwanja huo wa "nyumbani" ulikuwa Tanga mjini, ng'ambo ya Segera na Muheza, mbali na Kabuku. Zote zilitegemea mifuko ya mkoa mmoja. Zilipokutana zenyewe kwa zenyewe zilinyang'anyana pointi, maana mmoja akishinda mwenzake wa mkoa amepoteza. Mgambo pia walikuwa wamempoteza mshambuliaji wao, Malimi Busungu, aliyesajiliwa na Yanga kabla ya msimu kuanza. Timu ndogo ikifanya vizuri hulipwa kwa kuchukuliwa wachezaji. Kinachoiangusha moja katika hali hiyo kinazigusa zote. Mtabiri aliyezitazama moja moja, kwa majina ya wachezaji, hakuweza kuliona hilo.

Na kabla mtu hajasema kwamba timu zile zilikuwa mbovu tu, akumbuke Januari 2016. Yanga, waliokuja kutwaa ubingwa, walikwenda Mkwakwani wakafungwa 2-0 na Coastal Union, timu iliyomaliza ya mwisho kabisa. Aprili, Coastal hao hao wakaitoa Simba kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho, 2-1, jijini Dar es Salaam. Uwezo ulikuwepo. Msimu wa michezo 30 hauulizi kama unaweza kumfunga bingwa. Unauliza unapata nini siku ya Jumatano mbele ya timu iliyo sawa na wewe.

Wakati huo huo kule Uingereza Leicester City, waliokuwa wamenusurika kushuka msimu uliotangulia na kumwajiri Claudio Ranieri, kocha aliyetoka kufukuzwa na timu ya taifa ya Ugiriki, walitwaa ubingwa. Kampuni za kubeti zilikuwa zimewapa uwezekano wa 1 kwa 5,000. Kijana wa Korogwe aliyeweka shilingi 1,000 Agosti 2015 angepokea milioni 5 Mei 2016. Hadithi ya Leicester imewatajirisha zaidi wenye kampuni za kubeti kuliko waliobeti, kwa sababu tangu hapo kila mwenye mkeka wa timu kumi na mbili anaamini kwamba zamu yake iko njiani. Kitu ambacho hadithi hiyo haisemi ni kwamba ile namba ya 5,000 haikutokana na hesabu ya kweli. Ilikuwa namba ya kuvutia mteja, namba ya mtu anayeamini kwamba hatalipa kamwe.

Ipo namna ya kutabiri isiyo ya kishabiki, na imetoka kwa watu wa hali ya hewa. Mwaka 1950 Mmarekani Glenn Brier alipendekeza kanuni ya kumpa alama mtabiri wa mvua: asiseme "itanyesha", aseme "kuna uwezekano wa asilimia 70", kisha siku ikipita alama itolewe kulingana na umbali kati ya alichosema na kilichotokea. Anayesema asilimia 100 na kukosea huadhibiwa vikali kuliko aliyesema 60. Wakulima wa Handeni, wilaya inayojua ukame, wameizoea lugha ya namna hiyo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya vuli na masika: mvua za wastani hadi chini ya wastani, zinatarajiwa kuanza wiki fulani. Mkulima hukasirika zisiponyesha, lakini anajua kilichosemwa kilikuwa nini. Mchambuzi wa soka anayesema "Simba watasumbua mwaka huu" hawezi kukosea, kwa sababu hakusema kitu.

Mwanasaikolojia Philip Tetlock alikusanya utabiri zaidi ya 82,000 kutoka kwa wataalamu 284 wa siasa na uchumi, akaukagua mmoja mmoja, na kitabu chake kikatoka mwaka 2005. Aligundua kwamba wataalamu mashuhuri, wale wenye kauli moja kubwa inayoeleza kila kitu na wanaoalikwa sana na vyombo vya habari, ndio waliokosea zaidi. Waliofanya nafuu ni wenye kusitasita, wanaobadili hesabu habari mpya ikija. Kwa bahati mbaya redio haimwaliki mwenye kusitasita.

Kwa Memphis ya 2009, mwenye kusitasita angesema nini? Angeanza na jambo la kawaida: timu iliyoshinda michezo 24 tu ina uwezekano mkubwa wa kupanda kuliko wa kushuka, kwa kuwa sehemu ya ubaya ule ni nuksi, na nuksi haikai mahali pamoja. Angeongeza kwamba vijana wanne wa kikosi cha kwanza walikuwa hawajafika miaka 25. Angeweka alama ya kuuliza kwa Randolph na mbili kwa Iverson. Pengine angefika kwenye ushindi 32 au 33. Angekosea pia, ila kwa kiasi ambacho mtu anaweza kukikubali bila kubadilisha jina.

Yaliyofuata Memphis yaliwaacha wengi midomo wazi. Februari 2011 Thabeet alipelekwa Houston Rockets pamoja na mwenzake na haki ya uteuzi wa baadaye, na aliyekuja kwa upande wa pili alikuwa Shane Battier, mkongwe mtulivu anayekaba. Miezi miwili baadaye Memphis, wakiwa wa nane na wa mwisho kuingia mchujo wa kanda, wakakutana na San Antonio Spurs, wa kwanza, timu ya Popovich yule yule, na DeJuan Blair akiwa kikosini mwao. Katika historia yake klabu ya Memphis ilikuwa haijawahi kushinda hata mchezo mmoja wa mchujo. Sekunde 24 kabla ya mchezo wa kwanza kwisha Battier akatupa mtupo wa pointi tatu, ukaingia, Memphis wakashinda 101-98. Wakaitoa Spurs kwa michezo 4-2, huku Randolph na Marc Gasol, ile nyongeza iliyochekwa, wakiwasumbua chini ya kikapu kwa karibu wiki mbili. Kwa namna fulani ya kuzunguka, kumwita Thabeet wa pili kulisaidia kumleta aliyetupa mtupo ule. Hakuna aliyetabiri faida ya aina hiyo.

Thabeet aliendelea: Portland, Oklahoma City, kisha ligi ndogo, mwaka 2017 Yokohama nchini Japani, na baadaye Taiwan, ambako aliendelea kuzuia mitupo kama alivyofanya Connecticut. Mtu anayeandika kwamba alishindwa anakagua utabiri wa watu wengine na kumtoza yeye deni. Hakujiita wa pili, aliitwa.

Coastal Union walirudi Ligi Kuu mwaka 2018, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022 na kushindwa na Yanga kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 3-3 jijini Arusha, na msimu wa 2023/24 wakamaliza wa nne. Kuhusu Mgambo, kuna mtu mmoja ambaye ukurasa wa utabiri wa mwaka 2015 usingempa hata mstari. Bakari Shime aliwahi kuwa kocha wao katika miaka hiyo ya Ligi Kuu, wakati kazi yake kubwa ilikuwa kuizuia timu ya Kabuku isishuke. Oktoba 2022 alikuwa India na Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, katika Kombe la Dunia la umri huo, ambalo hakuna timu ya soka ya Tanzania, ya wanaume au ya wanawake, iliyokuwa imewahi kulishiriki. Mchezo wa kwanza walifungwa 4-0 na Japani, na wengi wakafunga hesabu hapo hapo. Wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Colombia waliwatoa kwa mabao 3-0.